Kasi ya intaneti imepanda, mbona Wi-Fi ya chumbani bado inasuasua?

Ukiwa bado kitandani, chukua simu yako uangalie ile alama ya Wi-Fi pale juu. Vistari vingapi? Viwili? Kimoja? Sasa inuka utembee hadi sebuleni, kilipo kile kisanduku ulichowekewa na fundi wa kampuni ya intaneti. Vimejaa, sivyo? Hizo hatua kumi, au kumi na tano kama kwenu ni nyumba kubwa, ndizo zinazomeza pesa za vijana wengi mjini bila wao kujua.

Nasema hivi kwa sababu miaka hii ya karibuni intaneti ya nyumbani imekuwa uwanja wa vita nchini. Starlink iliingia Kenya Julai 2023. Mwaka mmoja baadaye, Julai 2024, Safaricom iliandikia Mamlaka ya Mawasiliano (CA) barua, ikitaka kampuni za setilaiti zisipewe leseni za kujitegemea bali zishirikiane na kampuni ambazo tayari ziko nchini. Barua hiyo ilizua gumzo. Kisha Septemba mwaka huo huo Safaricom ikapandisha kasi ya fiba yake bila kugusa bei: mteja wa Sh2,999 akatoka Mbps 10 hadi 15, wa Sh4,100 akatoka 20 hadi 30, wa Sh6,299 akatoka 40 hadi 80, na wa Sh12,499 akaruka kutoka 100 hadi 500. Kufikia Novemba 2024 nayo Starlink ilikuwa imesimamisha kupokea wateja wapya Nairobi na kaunti za karibu kwa sababu nafasi ilikuwa imejaa.

Ukisoma habari hizo unaona wazi kwamba aliyenufaika ni mteja. Kwenye karatasi, ndiyo. Lakini mbona bado kuna mtu anafanya mahojiano ya kazi akiwa amesimama kwenye korido, laptopu mkononi, kwa sababu chumbani picha inaganda? Mbona dada yako bado anawasha bando la simu usiku, na Wi-Fi ya nyumbani imelipiwa?

Jibu ni kwamba kasi unayouziwa inahesabiwa hadi kwenye kisanduku. Ukilipia Mbps 30, kampuni imejifunga kufikisha Mbps 30 kwenye ule waya mwembamba unaoingia rauta. Kutoka hapo safari ni ya hewani, na kuhusu hewa ya nyumba yenu hakuna aliyekuahidi chochote. Hata ripoti za kila robo mwaka za CA huhesabu walioungwa na kuwapanga kwa kasi ya kifurushi walicholipia. Hazihesabu kinachofika kitandani kwako. Kwa hiyo nchi inaweza kusherehekea kasi kupanda, nawe ukiwa chumba cha nyuma usione tofauti yoyote kati ya 15 na 30.

Na hapo ndipo watu hukosea. Intaneti ikianza kusumbua, jambo la kwanza linalomjia mtu akilini ni kupanda kifurushi. Hebu tupige hesabu. Kutoka Sh2,999 hadi Sh4,100 ni nyongeza ya Sh1,101 kwa mwezi. Kwa mwaka ni Sh13,212. Ukiruka hadi Sh6,299, unaongeza Sh2,199 zaidi kila mwezi, yaani Sh26,388 kwa mwaka juu ya zile za kwanza. Kama tatizo lako lilikuwa ukuta, pesa hizo zote zimeenda kununua kasi inayoishia sebuleni.

Isitoshe, huenda hata huhitaji kasi hiyo. Netflix yenyewe inasema picha safi ya kawaida ya HD inatosheka na Mbps 5, na ile ya 4K na Mbps 15. Mkutano wa Zoom wenye picha nzuri haufiki hata Mbps 5. Kwa hiyo nyumba ya watu watatu yenye kifurushi cha Mbps 15 inaweza kufanya kazi, kusoma na kutazama filamu bila vita, mradi hizo 15 ziwafikie walipo.

Tuanze na kisanduku chenyewe. Kumbuka siku ile fundi alipokuja. Alipandisha waya kutoka kwenye nguzo, akauingiza dirishani au kupitia tundu alilotoboa karibu na dirisha, akauliza televisheni iko wapi, akaweka rauta chini yake, akapiga picha kuonyesha kazi imekwisha, akaondoka. Simlaumu. Ana nyumba nyingine kadhaa za kuunganisha kabla jua halijazama, na waya mfupi ndio waya wa haraka. Lakini matokeo ni kwamba rauta iko pembeni kabisa mwa nyumba, imejificha nyuma ya televisheni, na nusu ya mawimbi yake yanamwagika nje kuelekea barabarani. Mama mboga pale chini huenda anapata Wi-Fi yako vizuri kuliko wewe.

Halafu kuna nyumba zenyewe. Yale maelezo yaliyoandikwa kwenye boksi ya rauta, ati inafika umbali kadha wa kadha, mengi hayakuandikwa kwa kufikiria ploti ya Kenya. Marekani nyumba nyingi kuta za ndani ni mbao na jasi, na mawimbi hupita humo bila taabu kubwa. Sisi tunajenga kwa mawe ya kuchonga na zege lenye vyuma ndani. Kila ukuta wa mawe unapunguza mawimbi. Sakafu ya zege ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu ya ule wavu wa vyuma uliolazwa ndani yake. Chuma hakipunguzi tu, kinarudisha mawimbi yalikotoka. Sasa ongeza mlango wa chuma, jokofu, tangi la maji, kioo kikubwa cha kujitazama (ule upako wa nyuma ni wa metali), na katika nyumba nyingine kuta zenyewe ni za mabati. Ukiona Wi-Fi ya jirani anayeishi mkabala na dirisha lako ina nguvu kuliko yenu, usishangae. Yake imepitia kioo cha dirisha, yenu imepitia kuta mbili.

Rauta nyingi za sasa hutoa mawimbi ya aina mbili, na hapa kuna jambo linalochanganya watu wengi. Kuna ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Yale ya 2.4 yanafika mbali na kupenya kuta vizuri zaidi, lakini kasi yake ni ndogo. Yale ya 5 yana kasi kubwa, ila ukuta wa pili unayamaliza. Mara nyingi utaona majina mawili kwenye simu, moja limeishia na 5G. Hiyo 5G si ile ya kizazi cha tano inayotangazwa kwenye mabango ya kampuni za simu. Ni gigahezi 5 tu. Nimewahi kusikia mtu akijigamba kwamba nyumbani kwao wana 5G, na kumbe ni rauta ya kawaida kabisa.

Mawimbi ya 2.4 yana shida nyingine, na kama unaishi kwenye jumba la ghorofa sita pale Roysambu, Pipeline au Kahawa West unaijua hata kama hukujua jina lake. Fungua orodha ya Wi-Fi kwenye simu yako uhesabu majina. Ishirini? Thelathini? Hizo zote zinagombania hewa moja. Katika 2.4 kuna chaneli tatu tu ambazo hazigongani, yaani 1, 6 na 11. Fikiria matatu thelathini kwenye barabara ya leni tatu. Ndiyo maana saa tatu usiku, watu wakiwa wote nyumbani, mambo yanakwama, na saa kumi na moja alfajiri intaneti inaruka kama swara. Kampuni haikubadilisha kitu. Majirani walikuwa wamelala.

Jambo la mwisho kabla hatujaingia kwenye tiba, na hili ndilo ambalo wengi hawalijui. Kwenye Wi-Fi, vifaa husemezana na rauta kwa zamu. Kifaa kilicho mbali, chenye mawimbi hafifu, husema polepole. Ni kama foleni ya wakala wa pesa za simu: ukimpata mbele yako mtu anayetafuta kitambulisho katika mifuko yote, akakosea namba ya siri mara mbili, nyote mnasubiri, hata wewe uliyekuja na kila kitu tayari. Kwa hiyo simu ya kaka yako kule chumba cha nyuma, inayopakua mchezo kwa kistari kimoja, inamchelewesha hata aliyekaa ubavuni mwa rauta. Ukiondoa doa bovu la nyumba, hujamsaidia wa chumba cha nyuma peke yake.

Sasa tupime, tusikisie. Unahitaji simu na dakika ishirini. Fungua fast.com au Speedtest. Kwanza simama mita moja au mbili kutoka kwa rauta, ukiwa umeunganishwa kwenye ile ya gigahezi 5, wengine wakiwa wametulia kidogo. Andika namba. Kisha nenda mahali unapofanyia kazi, upime tena. Kisha kona mbaya kuliko zote. Rudia usiku saa tatu. Kama una laptopu na waya wa intaneti, chomeka moja kwa moja kwenye rauta upime pia, kwa sababu hiyo ndiyo namba ambayo kampuni haiwezi kubishana nayo.

Usomaji wake ni rahisi. Ukiwa karibu na rauta unapata 28 kati ya 30 ulizolipia, na chumbani unapata 4, basi kampuni imetimiza yake na shida ni nyumba. Usipande kifurushi. Lakini ukiwa hapo hapo na rauta, kwa waya, unapata 9, piga simu kampuni, uwape namba na saa ulizopima. Malalamiko ya "intaneti yenu iko chini" hupewa jibu la kuzima rauta na kuiwasha. Malalamiko yenye namba sita na saa zake hutumiwa fundi. Si kila mara, lakini mara nyingi zaidi.

Na kuna siku shida haiko kwako wala kwa kampuni. Mei 12, 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika katika Bahari Hindi, na Afrika Mashariki nzima ikahisi. Siku kama hiyo hata ukihamisha rauta mara saba haitasaidia kitu.

Kama una simu ya Android, unaweza kupakua programu ya WiFi Analyzer ikakuonyesha nguvu ya mawimbi kwa kipimo cha dBm. Namba zake ni za hasi, kwa hiyo iliyo karibu na sifuri ndiyo bora. Kwenye -50 uko mbinguni. Ikifika -67 bado unaweza kupiga simu ya video vizuri. Ukiona -80, hapo unaombea tu. Tembea nayo nyumba nzima, utaona mahali ambapo namba inaporomoka ghafla. Ukitazama, utakuta kuna ukuta wa mawe, au jokofu, au ngazi ya zege.

Tiba ya kwanza haina gharama: sogeza rauta. Iweke juu ya kabati, wazi, karibu na katikati ya nyumba kadiri waya unavyoruhusu. Itoe nyuma ya televisheni. Watu hudhani ni utani hadi wanapojaribu. Shida ni kwamba ule waya wa fiba ni wa kioo ndani. Usiukunje kwa nguvu wala kuuvuta, utavunjika, na hapo utakaa siku kadhaa ukimsubiri fundi. Kama kisanduku cha fiba na rauta ni vitu viwili tofauti, una bahati: kiache kisanduku pale pale, uhamishe rauta peke yake kwa waya mrefu wa intaneti. Kama vimeunganishwa kuwa kitu kimoja, omba kampuni iongeze fiba. Wengine watakutoza.

Na kama bado fundi hajaja, huu ndio wakati wako. Mwambie kabla hajatoboa: "Boss, naomba rauta ikae pale koridoni." Mchemshie chai. Nusu saa ya subira siku hiyo itakuokoa miaka miwili ya kusimama kwenye korido.

Tiba ya pili ni kupunguza msongamano. Televisheni haitembei. Kwa nini inatumia Wi-Fi? Ichomeke waya. Kompyuta ya mezani vivyo hivyo. Ukitoa televisheni kwenye foleni ile ya wakala, umetoa mteja mwenye mzigo mkubwa kuliko wote. Simu na laptopu zilizo karibu na rauta zihamishie gigahezi 5, halafu 2.4 ibakie ya kona za mbali. Kama 2.4 yako imekaa chaneli moja na majirani kumi, ingia kwenye ukurasa wa rauta uichague iliyo na watu wachache kati ya zile tatu.

Ukishafanya hayo yote na chumba bado kiko gizani, sasa ndio unatoa pesa. Na hapa tahadhari, kwa sababu duka la kwanza utakaloingia pale Luthuli Avenue watakuuzia ripita. Ni kitu kidogo kinachochomekwa kwenye soketi, bei yake haiumi, na kwenye simu vistari vinajaa mara moja. Lakini nyingi za bei nafuu husikiliza na kurudia maneno kwa masafa yale yale, kwa hiyo kila kitu kinasemwa mara mbili hewani na kasi inakatika karibu nusu. Tena watu huichomeka chumbani kwenyewe, mahali ambapo mawimbi yamekwisha kufa. Itarudia nini? Ikibidi ripita, iweke katikati ya njia, ambapo mawimbi bado yana nguvu. Ila vistari vingi si kasi. Pima.

Kinachofanya kazi kweli ni waya mmoja na rauta ya pili. Waya wa Cat6 unabeba intaneti hadi mita 100 bila kupoteza kasi, na nyumba yenu haifiki hapo. Unauvuta kutoka rauta ya kwanza hadi chumba cha nyuma, unauchomeka kwenye rauta ya pili uliyoiweka iwe kituo cha Wi-Fi tu, ile hali ambayo kwenye mipangilio imeandikwa Access Point. Ipe jina lile lile na nywila ile ile. Simu itajihamisha yenyewe unapotembea, ingawa nyingine zina ukaidi wa kung'ang'ania ile ya kwanza. Hata ile rauta ya zamani iliyolala kwenye droo inaweza kufanya kazi hii, mradi uangalie isiwe ya kale sana. Na waya ukaguliwe vichwa vyote viwili: nyaya ndogo za ndani ziko nane, na fundi mvivu akiunga nne tu, waya hautavuka Mbps 100 kamwe. Kwa wa Mbps 15 hilo si neno. Kwa aliyelipia 500, ni hasara ya kila mwezi.

Zile Sh13,212 za mwaka tulizopiga hesabu? Zinatosha waya, rauta ya pili na chai ya fundi, na unalipa mara moja.

Chukua mfano wa maisonette za Buruburu, ambazo vijana wengi wamelelewa humo na sasa wanafanya kazi za mtandaoni kutoka vyumba vya juu. Rauta iko chini, sebuleni. Vyumba viko juu ya sakafu ya zege. Hakuna kifurushi duniani kitakachopenya sakafu hiyo vizuri. Lakini waya mmoja unaopanda kwa nje, kando ya bomba la maji ya mvua, na kuingia dirisha la juu, unamaliza habari. Nunua ule wa kutumika nje, kwa sababu wa ndani jua litaubabua.

Kama huwezi kuvuta waya, kuna seti za rauta zinazoshirikiana, wenyewe huziita meshi. Ni nzuri kuliko ripita, hasa zile zenye masafa ya ziada ya kuzungumza zenyewe kwa zenyewe, lakini bei yake inapanda haraka. Na meshi nayo haifanyi miujiza. Ukiweka zege katikati ya mbili hizo, zitahangaika tu. Anayeishi bedsitter asinunue chochote katika hivi. Chumba kimoja kinatoshwa na rauta moja iliyowekwa wazi kwenye gigahezi 5. Yeye adui wake ni majirani, si ukuta.

Mpangaji ana kikwazo kingine kinachoitwa landilodi. Kutoboa ukuta ni kesi, na depositi yako ndiyo itakayolia. Katika majumba mengine hali ni mbaya zaidi, kwani mwenye jumba amekubaliana na kampuni moja tu iingize nyaya, na nyingine hata getini hazipiti. Ushindani ule tuliosoma magazetini, wa fiba na setilaiti, unaishia kwa keyateka. Kwangu mimi hili ndilo jambo ambalo mamlaka ilipaswa kuliangalia kwa jicho kali. Serikali imeahidi kilomita 100,000 za fiba nchini, na ni ahadi nzuri, lakini mita ishirini za mwisho ndani ya jumba zimeachiwa makubaliano ya watu wawili ambayo mpangaji hakuyaona. Na majumba mapya yanaendelea kuchipuka kila mtaa yakiwa na bomba la maji na waya wa stima katika kila chumba, bila hata bomba tupu la kupitishia waya wa intaneti. Bomba hilo likiwekwa wakati wa kujenga gharama yake ni ndogo mno. Likikosekana, kila mpangaji atakayeingia atalilipia kwa njia nyingine.

Kwenye ploti za vyumba vingi, vijana wamejitafutia njia: watano wanachangia kifurushi kimoja cha Sh2,999, kila mtu anatoa mia sita. Inaeleweka. Mjue tu kwamba Mbps 15 zikigawanywa na watano wanaotazama kwa wakati mmoja ni Mbps 3 kila mtu, tena kabla ya ukuta kuchukua fungu lake. Na ukianza kuwauzia wengine kwa faida, hilo tayari ni biashara inayohitaji leseni ya CA, na huenda mkataba wako na kampuni unaikataza. Mnaochangia, badilisheni nywila ya ukurasa wa rauta iliyoandikwa pale chini kwenye stika. Yeyote aliyeingia kwenu siku moja akaipiga picha anaweza kubadilisha atakavyo.

Stima nayo. Agosti 25, 2023 nchi karibu nzima ilizima, na Desemba mwaka huo ikazima tena. Siku za kawaida ni dakika kumi hapa, saa moja pale. Rauta nyingi hutumia volti 12 tu, kwa hiyo kibetri kidogo cha UPS cha rauta kinaweza kukuvusha masaa kadhaa, mradi kampuni yenyewe ina stima upande wake. Ila hakikisha kimeunganishwa na kisanduku cha fiba pia kama viko viwili. Watu huwasha rauta, Wi-Fi inaonekana imejaa, halafu hakuna intaneti, wanalaumu kampuni. Kisanduku cha pili kilikuwa kimezima muda wote.

Ukienda kuangalia keja mpya wikendi hii, baada ya kufungua mfereji na kuuliza kuhusu maji, muulize keyateka waya wa intaneti unaingilia wapi na ni kampuni ngapi zimeruhusiwa. Kisha ingia chumba utakachofanyia kazi, funga mlango, ufungue ile orodha ya Wi-Fi uhesabu majirani. Ukuta ule wa kati, ugonge kwa kidole usikie ni wa nini.